Bomba lisilotoa maji

Pampu haikunyamaza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Theluji ilikuwa imebaki vipande vichafu nyuma ya gereji, na nilikuwa nimetia kama lita 40 kwenye tangi la trela yetu ya kambi ili kujaribu mfumo wa maji kabla ya safari ya kwanza ya mwaka. Ukiwasha swichi, pampu hunguruma, husukuma maji mpaka mabomba yote yajae, kisha hujizima yenyewe presha ikitimia. Ule ukimya ndio unaongojwa. Ukija, trela imeamka salama.

Nikahesabu mpaka 30. Nikahesabu mpaka 60. Pampu inanguruma tu, na kutoka chini ya ukuta wa bafu, upande wa nje, nikasikia sauti ninayoijua tangu utoto wangu Tanga: maji yanaanguka ardhini pasipo ndoo.

Nilizima swichi, nikakaa kwenye ngazi ya trela, sikuingia ndani kwa muda mrefu.

## Ufa

Trela nyingi zina kiboksi chenye mlango mdogo kwenye ukuta wa nje. Ndani yake mna koki mbili, ya maji moto na ya baridi, na mpira wa kuogea. Sisi hukitumia kuosha miguu yenye mchanga na vyombo vyenye masizi kabla havijaingia ndani. Nilipofungua misumari na kukivuta, nikaona plastiki ya koki imepasuka kwa nyuma. Ufa mwembamba kama unywele, mrefu kama kidole gumba.

Koki mpya ilinigharimu dola 40 na mchana mmoja. Mbao ya sakafu ilichukua wiki mbili kukauka, nikiwa nimeielekezea feni usiku na mchana, na kona moja bado inabonyea nikiikanyaga.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba Oktoba nilikuwa nimefanya kila kitu.

Nasema kila kitu kwa sababu ninayo karatasi, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na kila mstari una alama ya tiki. Mwaka wa tatu huu tuna trela hii. Sikuifanya kazi kwa haraka wala kwa kubahatisha. Basi ufa umetoka wapi?

## Oktoba

Walio Minnesota, Ontario au Alberta hawahitaji kuelezwa. Walio nyumbani, kumbukeni chupa ya soda iliyosahaulika kwenye friza. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na huku kwetu usiku wa Januari wa nyuzi 25 chini ya sifuri si habari ya kumpigia mtu simu. Mnamo Februari 2, 1996, mji mdogo wa Tower, kaskazini mwa jimbo letu la Minnesota, Marekani, ulifika nyuzi 51 chini ya sifuri. Trela inalala nje katika baridi ya namna hiyo, haina moto ndani, na mabomba yake yamepita kwenye kuta nyembamba kama za kabati. Tone lolote lililobaki ndani litaganda.

Kwa hiyo kabla ya baridi unaitoa maji yote. Sisi tunasema kuilaza.

Tulirudi kutoka Gooseberry Falls, pwani ya Ziwa Superior, wiki ya kwanza ya Oktoba. Majani ya miti yalikuwa ya dhahabu, na nilishawishika kungoja, tupate safari moja zaidi. Wazee wa mtaani kwetu hawangoji. Wote bado wanasimulia tufani ya theluji ya Halloween ya mwaka 1991, iliyoanza Oktoba 31 na kumwaga zaidi ya sentimita 70 hapa Minneapolis kabla watu hawajatoa hata makoleo stoo. Nikaacha tamaa. Jumamosi iliyofuata nikashika spana.

Hita ya maji ndiyo huanza, na ndiyo ninayoiheshimu kuliko vyote. Kwanza unazima umeme wake na gesi yake, kwa maana waya wa kuchemshia ukiwashwa bila maji huungua papo hapo. Halafu unaiacha ipoe kabisa na kuitoa presha, la sivyo ukifungua kizibo, maji ya moto yanakurukia kifuani. Hita yetu ina tangi la chuma la lita 23 hivi, na kizibo chake kimeshika fimbo ndefu ya magnesiamu iliyozama ndani. Kazi ya fimbo ile ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ilipoingia ilikuwa nene kama kidole. Nilipoichomoa ilikuwa imebaki waya wenye vinundu, kama mhogo uliotafunwa na panya. Nikaiweka mezani jikoni, na binti yangu akauliza ni mfupa wa nini.

Yaliyobaki ni ya mfululizo. Kufungua vizibo vya chini kabisa vya mfumo, maji yajitokee. Kumwaga tangi la maji safi na yale mawili ya maji machafu. Kugeuza valvu zinazoitenga hita. Kisha kuunganisha kompresa ya kupulizia hewa kwenye tundu la maji la nje, kwa presha isiyozidi paundi 40 kwa inchi ya mraba, na kufungua bomba moja baada ya jingine, la moto na la baridi: jikoni, bafuni, choo, na kile kiboksi cha nje. Kila bomba hutema maji, hukohoa, hupiga ukungu, halafu hupumua hewa kavu. Nilikwenda raundi mbili. Nilikifungua kiboksi cha nje raundi zote mbili, na hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu kilinirushia maji usoni.

Tiki, tiki, tiki.

## Watuhumiwa

Mei yote nilitafuta wa kumlaumu.

Kwanza niliishuku kompresa. Ni ndogo, ya kujazia matairi, na nilijiambia hewa yake inaisha nguvu kabla ya kufika mwisho wa bomba refu. Kisha nikamshuku muuzaji wa duka fulani aliyeniambia hewa peke yake inatosha. Kisha nikaishuku plastiki yenyewe, pengine ilikuwa imechoka. Nikasoma maelezo mpaka usiku wa manane. Mke wangu alikuwa akipita sebuleni na kuniuliza, "Bado hiyo koki?" Nami najibu, "Bado."

Swali langu lilikuwa moja. Kama hewa ilitoka kavu, maji yaliyopasua koki yalitoka wapi?

Jibu la kwanza nililipata kwa kutazama tu. Hewa haifuti bomba kama kitambaa. Hupita katikati, inasukuma maji yaliyo mbele yake, lakini yale yaliyoshika kuta hubaki. Ukizima kompresa, matone hayo hushuka polepole, siku nzima, usiku mzima, na kujikusanya mahali palipo chini. Kwenye trela yetu bomba linalokwenda kile kiboksi hushuka ukutani na kuishia pale. Ndiyo bakuli la nyumba nzima.

Kijiko cha maji, viwili labda.

Hata hivyo kijiko cha maji kinahitaji kupewa sababu ya kupasua kitu. Kikiganda kwenye bomba lililo wazi, barafu hukua kuelekea kwenye hewa na mambo yakaisha. Nilijua hivyo. Ndiyo maana nilikuwa nazunguka jambo moja bila kuligusa: nilipofungua mlango wa kile kiboksi Aprili, koki zote mbili zilikuwa zimefungwa. Zimekazwa kabisa.

Nikaingia ndani kutazama. Bomba la jikoni, limefungwa. La bafuni, limefungwa. La kuogea, limefungwa.

Nani alifunga?

## Marobine

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni mzee wa Bukavu. Namwita Papa, kama wanavyoitana wao. Siku ile ya Oktoba alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa uani na kofia ya sufi, akanitazama nikifanya kazi mpaka jua likaondoka. Sisi wawili, na dada mmoja wa Mombasa anayekaa ng'ambo ya barabara, tuna maneno matatu ya kitu kimoja. Mimi nasema bomba, dada anasema mfereji, Papa anasema robine.

Mwishoni mwa Mei nikampelekea chai na kumweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa utulivu:

"Mtoto yangu, ni wewe ulifunga. Nilikuona. Ulikuwa unafunga marobine yote, moja, moja. Nikasema, huyu anajua kazi yake."

Nilitaka kumkatalia. Nilifungua kinywa kabisa. Halafu mkono wangu wa kulia ukanikumbusha, mkono wenyewe, ule mzunguko mdogo wa kiganja kuelekea kulia, mara nane au tisa, nikipita kila chumba kama mtu anayezima taa kabla ya kulala. Nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimeridhika. Nikafunga.

Kwenye karatasi yangu hakuna mstari unaosema funga. Hakuna pia mstari unaosema acha wazi.

## Yakija usiku

Nilimpigia mama Jumapili iliyofuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Baridi imekwisha?"

Nikamsimulia. Ilibidi nirudie mara mbili kwamba maji nilikuwa nimeyamwaga kwa kukusudia, yote, mazuri, ya kunywa. Alinyamaza. Mama yangu ameishi maisha yake yote na madumu yaliyopangwa ukutani, mapipa mawili uani, na ndoo yenye mfuniko jikoni ambayo haijawahi kuonekana tupu. Nikamwambia kosa langu lilikuwa kufunga mabomba baada ya maji kuisha.

"Lakini si ndivyo nilivyokufundisha?" akasema.

Ndivyo. Mtaani kwetu Ngamiani maji yalikuja kwa zamu, na mara nyingi yalikuja usiku. Mchana unafungua bomba, linatoa pumzi tu. Mtoto akiona halitoi kitu, analiacha vilevile na kwenda kucheza. Saa tisa usiku maji yanarudi. Usiku mmoja nikiwa darasa la nne nililiacha mimi. Tuliamka sakafu imekuwa bwawa na gunia la unga limelowa mpaka kiunoni, na pipa halikupata hata tone, kwa kuwa yote yalikuwa yamekimbilia mtaroni. Baba hakunipiga. Alinishika mkono, akanizungusha kwenye kila bomba la nyumba, na kila bomba akanifungisha mwenyewe, huku akisema lile kavu ndilo la kufungwa, linalotoa maji kila mtu anakumbuka kulifunga.

Baba alikufa mwaka 2011. Nadhani ile ndiyo sheria yake niliyoishika kwa ukamilifu kuliko zote. Nimelala hotelini, nimefunga mabomba makavu. Nimesafiri kwa basi siku mbili, nikafunga bomba kavu la choo cha stendi kwa ajili ya watu nisiowajua.

Na nikaipasua trela yangu kwa sheria hiyohiyo.

Nimekaa na jambo hili majuma kadhaa na sijui niliite nini. Sioni kwamba baba alikosea. Pale Ngamiani sheria yake ni ya kweli mpaka leo. Nilichogundua ni kwamba sikuwahi kuihamisha. Niliileta mzima mzima kwenye mkono, kwenye nchi ambako maji yasiyokuja usiku yana hatari kuliko yanayokuja.

## Barafu hufanya nini hasa

Niliwahi kudhani bomba hupasuka pale barafu ilipo, kwa kutanuliwa ubavu. Mara nyingi sivyo. Barafu huanza mahali fulani, huziba bomba kama kizibo, kisha huendelea kukua na kuyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea mbele. Mbele kukiwa na koki iliyofungwa, maji yale hayana pa kwenda. Hayabanwi wala kushindiliwa kama hewa. Presha hupanda mpaka kitu kilicho dhaifu kuliko vyote kiachie, na kitu hicho huweza kuwa mbali na barafu. Koki ikiwa wazi, hata kidogo, maji hutoka kwa amani.

Mabomba yenyewe ya siku hizi ni ya plastiki inayonyumbuka kidogo, huvumilia. Viungo na koki haviwezi.

Kuna jambo linalonishangaza kila nikiliwaza. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4, na yakipoa zaidi ya hapo huanza kutanuka na kuwa mepesi. Ndiyo maana maziwa ya huku huganda juu na kubaki maji chini. Januari watu huendesha magari juu ya Ziwa Mille Lacs, wakatoboa barafu na kuvua, na samaki wako hai humo. Kama barafu ingezama, ziwa lingeganda kutoka chini na kusingebaki kiumbe. Tabia hiyohiyo iliyopasua koki yangu ndiyo inayowalinda samaki wa jimbo zima.

## Dawa ya waridi

Watu watauliza kwa nini sikutumia ile dawa ya rangi ya waridi inayotiwa mabombani ili yasipasuke kwa baridi. Niliikwepa kwa makusudi miaka yote mitatu. Ilinikwaza kutia kemikali kwenye mabomba ninayochotea chai ya watoto. Nilikulia mahali ambapo maji ya kunywa yakitiwa kitu, kitu hicho ni klorini au ni balaa.

Sasa nimeisoma vizuri, na nimebadili msimamo. Dawa ya trela ni propileni glikoli, ya jamii inayoruhusiwa hata kwenye vyakula. Ile ya rejeta ya gari, etileni glikoli, ni sumu. Ni tamu ulimini, hufanya mbwa wailambe, na huua figo. Hizi mbili zisikae rafu moja nyumbani kwako, na ya gari isiingie kwenye bomba la maji kamwe, hata ukiwa umeishiwa na duka limefungwa.

Chupa ya waridi imeandikwa nyuzi 50 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani kama 46 za kwetu. Maana yake mabomba hayatapasuka mpaka hapo. Yenyewe huanza kuwa tope mapema zaidi, kama uji uliopoa, lakini tope hilo halisukumi kama barafu. Galoni mbili au tatu zinatosha trela yetu, mradi hita imetengwa. Ukisahau kuitenga, hita peke yake itameza galoni sita.

Kwa hiyo Oktoba ijayo nitatumia vyote viwili. Hewa kwanza, kisha pampu inyonye dawa, na kila bomba lifunguliwe mpaka litoke waridi. Kikombe kimoja kimoja kwenye zile kona zilizo chini ya masinki zinazozuia harufu, maana huko hewa haiondoi kitu hata ukipuliza mpaka asubuhi. Kisha mabomba yote yabaki wazi mpaka Aprili. Majira ya kuchipua nitasuuza, nitie jiki robo kikombe kwa kila galoni 15, nikae saa kadhaa, nisuuze tena. Najua ladha itabaki siku mbili tatu. Nakubali.

## Karatasi mpya

Jumamosi iliyopita nilikaa na binti yangu uani kuandika karatasi mpya. Ana miaka 11, amezaliwa hapa, na baridi anaijua kama mimi ninavyojua bahari inapokupwa na kujaa. Tangu akiwa na miaka 6 ndiye anayenikumbusha nisiache soda ndani ya gari Januari. Hajawahi kufunga bomba kavu kwa sababu hajawahi kuliona. Nilimwambia habari za gunia la unga na babu yake. Alicheka kidogo, kisha akauliza kama babu alinikasirikia.

"Hapana," nikamwambia. "Alinizungusha tu."

"Basi nizungushe na mimi."

Tukaizunguka trela, yeye ameshika kalamu. Jikoni, koki mbili: wazi. Bafuni, mbili: wazi. Kuogea. Choo. Kiboksi cha nje, ambapo alisimama na kukitazama kile kipande kipya cheupe katikati ya plastiki iliyopauka. Vizibo vya chini, viwili. Akahesabu, akaandika, nami nikaanza kurudi mlangoni nikidhani tumemaliza.

"Baba, na hili?"

Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, karibu na gurudumu la nyuma. Ni kitundu cha kuunganisha mpira wa maji, chenye kifuniko cheusi, cha kusuuzia tangi la choo kwa ndani. Bomba lake hupanda ukutani, hupita kwenye valvu ndogo nyuma ya sinki ya bafu, kisha hushuka tena hadi kwenye tangi. Haliunganiki na pampu. Haliunganiki na bomba jingine lolote. Miaka mitatu sijalipulizia hewa hata mara moja, na halikuwa kwenye karatasi ya zamani.

"Andika," nikamwambia, nikaingia ndani kutafuta tochi.